Goti la Sijaona

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimefundisha misuli kwa kilo moja ya nyama ya paja. Maabara yetu ina mabeseni mawili, hadubini isiyo na lenzi, na picha ya mwili wa binadamu iliyoliwa na panya kuanzia kiunoni kushuka chini. Ukimwomba kitu mkuu wa shule, Mwalimu Naftali, anakujibu, "Tumieni mazingira, Mwalimu Editha." Haya, nimeyatumia. Nilipita kwa Mselemu, mchinjaji wa mnadani, akaniuliza nataka ya supu au ya kukaanga. Nikamwambia ya kufundishia. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Binti yake Sijaona yuko kidato cha tatu, darasa langu.

Mpishi wa shule aliichemsha mpaka ikalainika kabisa, kila dawati likapata kipande na sindano ya kushonea. Nikawaambia chambueni. Msuli ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni chembe hai moja, ndefu, iliyofungwa ndani ya utando wake mwembamba. Ndani ya uzi huo mna nyuzi nyingine ambazo jicho haliwezi kuziona, nene na nyembamba, zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili. Sijaona alichambua kipande chake mpaka kikawa kama nywele za mahindi. Akanyoosha mkono: "Sasa Mwalimu, unafupika vipi?" Nikamwambia kesho. Nyama wakaila, na mchuzi wakanywa.

Jumanne, 6 Mei

Kamba mbili za kisimani, meza mbili, wanafunzi kumi. Niliwasimamisha katikati ya uwanja, watano wakitazama mashariki, watano magharibi, kila upande na kamba yake iliyofungwa kwenye meza. "Nyie ndio uzi mnene, na mikono yenu ndiyo vichwa vyake. Kamba ndiyo uzi mwembamba." Nikapuliza filimbi, hiyo ikawa amri ya neva. Amri ikifika, kalsiamu inamwagika ndani ya uzi na mahali pa kushika panafunuliwa. Kabla ya hapo vichwa vinatamani tu. Wakashika, wakavuta, wakaachia, wakashika mbele zaidi. Meza zikaja zikiburuzika. Kamba haikufupika, wao hawakufupika, lakini meza zimekaribiana! Darasa zima likasema "Ahaaa!" Nimefundisha miaka kumi na tisa na hiyo "ahaaa" nimeisikia labda mara nne.

Nikawauliza nguvu inaliwa wapi, kwenye kuvuta au kwenye kuachia. Wote wakapayuka: kuvuta! Nikawaambia hata kuachia kunakula. Kichwa kisipopata chakula chake hakiachii, kinabaki kimeng'ang'ania palepale. Sijaona akasema, "Ndiyo maana mbuzi akishachinjwa anakakamaa. Baba huwa anawahi kumchuna." Mtoto huyu! Nikaongeza, kwa mbwembwe zangu, kwamba msuli ukichanika kidogo kwa kazi hujijenga upya ukawa imara zaidi. Wavulana walilipenda hilo, wakaanza kukunja mikono kuonyeshana.

Alhamisi, 8 Mei

Upepo. Nusu ya darasa haipo, wako mashambani. Kijiji kizima ni fimbo tu zinapiga vichwa vya alizeti, pu, pu, pu, tangu alfajiri.

Jumatatu, 12 Mei

Waliochelewa leo ni kumi na mmoja, Sijaona akiwemo, wote wametoka kupura alizeti za wazazi wao. Mwalimu Fredrick, mwalimu wa nidhamu, akawapanga uwanjani waruke kichura. Unachuchumaa, mikono umeshika masikio, unaruka, unachuchumaa tena. Fredrick hujisifu kwamba yeye hajawahi kumchapa mtoto, na ni kweli. Fimbo ina kitabu chake: zisizidi nne, mkuu aidhinishe, jina liandikwe na kosa. Kichura hakina kitabu wala hakiachi alama. Wakaguzi wakija wanakuta kitabu cha fimbo cheupe pe, na mkuu wetu anapongezwa kwa makofi.

Nilikuwa ofisini nasahihisha. Nilimsikia Fredrick akihesabu. Nilimsikia pia akisema, "Umegusa chini, anza moja!" zaidi ya mara moja. Vumbi lilikuwa linaingia, nikafunga dirisha.

Jumanne, 13 Mei

Sijaona amenikera. Nimekutana naye mlangoni pa ofisi, akanipa shikamoo akiwa wima kama mlingoti. Huku kwetu msichana akimsalimia mkubwa anapiga goti, hata awe amebeba ndoo ya maji kichwani. Nikamwuliza, "Magoti yako yameota kutu?" Akasema, "Hayakunjiki, Mwalimu." Nikamwambia, mbele ya wenzake, kwamba maumivu ya kichura ni ya siku mbili na tulishasoma sababu yake, na kwamba ujeuri wa kunijibu hautampeleka chuo kikuu. Akainamisha kichwa. Aliondoka ameshika ukuta, nikadhani ni maringo.

Jumatano, 14 Mei

Sijaona hayupo. Upepo uleule.

Ijumaa, 16 Mei

Sijaona anaumwa. Jana Fredrick alimbeba kwa pikipiki yake mwenyewe mpaka zahanati, na leo ofisi nzima inamsifu kwa moyo wake. Anakojoa mkojo mwekundu unaoelekea weusi. Tabibu Andrea amesema ni kichocho, kwa sababu huku mkojo ukibadilika rangi ni kichocho, haulizwi mtu mara mbili. Watoto wote wanaoga bwawani, na yeye kwa wiki anaona wa kichocho arobaini. Amempa vidonge. Nimemwandikia pole kwenye karatasi, nikampa mwenzake apeleke.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoka kanisani nikapitiliza kwa kina Mselemu.

Sijaona amelala kwenye mkeka, uso umevimba, mapaja yamekuwa magumu kama gogo. Nilimgusa kwa vidole viwili tu akalia. Anatapika hata maji. Mama yake alikuwa ameweka mkojo kwenye chupa ya maji ya kunywa ili kuionyesha zahanati, na Alhamisi Andrea hakuitazama, alimwambia haina haja. Chupa ilikuwa bado dirishani. Niliinyanyua nikaiangalia kwenye mwanga. Rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana, kutoka juu mpaka chini, rangi moja.

Sasa mimi kichocho nakifahamu, nimekiugua. Kichocho ni damu, na damu ukiiacha itulie inashuka chini, juu panabaki pa njano. Hii imekaa siku tatu haijashuka hata punje. Nikamwuliza mama yake amekojoa lini mara ya mwisho. "Jana asubuhi, Mwalimu. Kidogo tu, kama kijiko." Nilikaa chini, udongoni, kwa kitenge changu cha kanisani.

Nyama ni nyekundu kwa sababu uzi wa msuli una rangi yake ya kutunzia hewa. Utando ukipasuka, rangi ile inamwagika kwenye damu, inashuka figoni, inaziba vichujio. Huyu mtoto aliamka kupura alizeti tangu alfajiri, hajala, hajanywa maji, akaja kurushwa kichura juani mpaka nyuzi zikapasuka moja baada ya nyingine. Na vichwa vile vya ndani havikupata chakula cha kuachia, ndiyo maana mapaja yamekakamaa. Aliniambia! Alisimama mbele yangu akaniambia hayakunjiki, mimi mwalimu wa bayolojia nikamjibu kuhusu adabu. Nilifundisha kuchanika kidogo. Kuchanika sana sikufundisha.

Nimewaambia wazazi wake kesho asubuhi tunaondoka. Mselemu akauliza, "Kwa kichocho, Mwalimu?" Nikasema tutajua huko. Chupa nimeichukua.

Jumatatu, 19 Mei

Bodaboda mbili mpaka Iguguno, Sijaona akiwa katikati ya dereva na mama yake, halafu gari mpaka Singida mjini. Daktari, msichana mdogo tu, aliiangalia chupa, akashika paja, akaniuliza swali moja, wazazi wakiwa dirishani kulipa: "Alifanya kazi gani nzito?" Nikamwambia kichura. Swali moja! Wiki nzima hapakuwa na mtu wa kuliuliza, na mimi nikiwemo. Jioni gari la wagonjwa limempeleka Dodoma kwenye mashine ya kusafisha damu. Mama yake na Mselemu wameenda naye.

Alhamisi, 22 Mei

Figo zimesimama. Mama yake amepiga simu, anaongea huku analia. Daktari wa Dodoma amesema zinaweza kuamka, zinaweza zisiamke, na zisipoamka mtoto wa miaka kumi na sita ataishi kwa mashine, au hataishi. Akinisimulia hivyo mimi nasikia fimbo za alizeti nyuma yangu, pu, pu, pu, na nataka kumwambia mtu anyamaze.

Nikaingia ofisini nikasema kila kitu. Nilisema kwa sauti, sikatai. Fredrick akapandisha sauti. "Mimi sijamgusa mtoto yule kwa fimbo hata siku moja! Na si wewe uliyewafundisha kwamba msuli ukichanika unakuwa imara? Wavulana walinikariria maneno yako uwanjani." Ilinipata, niseme ukweli. Naftali akaingia kati, taratibu, kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mgeni rasmi. "Walimu, zahanati imeandika kichocho. Sisi ni nani tubishane na zahanati?"

Sisi ni nani! Wanasayansi wenzangu wapo palepale, wa fizikia anakunja pembe ya gazeti. Walimu kumi na wanne, na tulisikia wote ile "anza moja".

Jumatatu, 26 Mei

Mselemu amerudi avune, mkewe amebaki Dodoma. Asubuhi alifika shuleni na gunia la alizeti kwenye baiskeli. Mimi nilikuwa ofisi ya mkuu nasaini mahudhurio. Akavua kofia, akasalimia, akasema, "Nimekuja kushukuru. Mwalimu Fredrick alimbeba mwanangu kama mtoto wake. Huko Dodoma wanasema figo tu, lakini zahanati ilishasema kichocho, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa namtuma bwawani kunywesha ng'ombe, nikijua bwawa lina kichocho. Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu." Akajifuta uso kwa kofia.

Nilimtazama Naftali nikingoja aseme. Akasema, "Usijilaumu sana, Mzee Mselemu. Mungu ndiye anayejua." Na gunia akaelekeza liwekwe pale, nyuma ya mlango.

Na mimi? Nilisema pole. Niliogopa, niandike tu kama ilivyo. Nimebakiza mwaka mmoja wa mkopo wa benki, na mkuu ndiye anayejaza fomu zangu. Lakini yule baba ametoka pale amebeba kosa lisilo lake, na sisi wawili tumelitazama likipita mlangoni.

Jumanne, 27 Mei

Nimefunga mlango wa ua nikaruka kichura. Thelathini na saba. Nikaangukia kwenye majivu.

Jumatano, 28 Mei

Chooni nimeingia nimeshikilia mlango kwa mikono miwili. Loo! Kuchuchumaa hakuwezekani, kusimama hakuwezekani. Thelathini na saba tu, na nilikunywa maji, na nilikuwa nimeshiba ugali. Na Sijaona, hakuna anayeniambia aliruka ngapi.

Ijumaa, 30 Mei

Naftali ameniita. Taarifa kwa afisa elimu imeshachapwa, inasubiri saini yangu kama mwalimu wa darasa. "Mwanafunzi alipata maradhi ya kichocho yaliyotokana na mazingira ya nyumbani." Ya nyumbani! Nikamwuliza mbona kichura hakimo. Akasema, "Andika mazingira, Mwalimu, mazingira yanabeba yote." Akaongeza kwamba nafasi za uhamisho zinajazwa mwezi huu, na kwamba watu wengi hawapendi kupangiwa mbali. Alitabasamu akisema hivyo.

Nikamwambia nitasoma nyumbani. Thubutu nisaini! Kalamu yangu imekaa miaka kumi na tisa ikisahihisha uongo mdogo wa watoto, leo itie saini uongo wa mtu mzima.

Jumapili, 1 Juni

Leo ni siku ya mnada. Nilikwenda nikiwa nimeandaa maneno tangu alfajiri, na nilipofika Mselemu alikuwa anabishana na mteja. Beberu alikata kamba, wanaume wakamkimbiza mnada mzima mpaka wakamshika kule kwenye mitumba, akaletwa anahema, ulimi nje. Mteja anataka achinjwe palepale, ana wageni. Mselemu amekataa. "Huyu leo sichinji. Afungwe kivulini, anywe maji, njoo kesho." Mteja akaenda kwa mwingine, anasonya.

Nikamwuliza kwa nini. Akanishangaa. "Mwalimu, mnyama aliyekimbizwa nyama yake inakuwa nyeusi, inanata kwenye kisu, haikai hata jioni. Kila mchinjaji anajua."

"Na mkojo wake?"

Akafikiri. "Kuna fahali mmoja alitoroka, tukamfukuza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaanguka mwenyewe. Nilipompasua, kibofu chake kilikuwa na mkojo kama kahawa."

Nikatoa chupa kwenye mkoba. Maneno yote niliyoandaa sikuyahitaji. Aliichukua, akaigeuza, akaigeuza tena. Fimbo yake ya kuhesabia mbuzi ilikuwa kwapani, ikaanguka, hakuiokota.

"Walimfanya nini?"

Nikamwambia. Kichura, jua, anza moja. Nikamwambia pia goti, kwamba alishindwa kulikunja mbele yangu nikamwaibisha. Nikamwambia nilifunga dirisha. Nilitaka anitukane, nadhani ningepumua.

"Kwa hiyo si bwawa," akasema.

"Si bwawa, Baba Sijaona. Wewe huna kosa."

"Mwanangu walimkimbiza." Akakaa juu ya gogo la kukatia nyama. Wateja wakaja wakamwona wakaondoka. Kisha akanyanyua kichwa. "Na mimi nikawapelekea gunia."

Alhamisi, 5 Juni

Mkutano wa wazazi wa kufunga shule. Ukumbi wetu hauna paa bado, upepo unapita unavyotaka, akina mama wamejifunika khanga mpaka puani. Naftali akafungua kwa sala, akasoma taaluma, akasoma michango, halafu akageukia afya. Eti anawaasa wazazi wasiwaruhusu watoto kwenda bwawani, maana mwanafunzi wetu mmoja yuko mahututi kwa kichocho. Aliasa! Mbele ya baba mwenye mtoto!

Mselemu alisimama nyuma kabisa. "Mwalimu mkuu, naomba gunia langu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Akaendelea, sauti haijapanda. "Nilileta gunia la shukrani. Lipo nyuma ya mlango wako. Nimekuja kulichukua, kwa sababu nilidanganywa. Na kabla sijalichukua, niambie mwanangu aliruka kichura mara ngapi."

"Mzee Mselemu, hayo ni mambo ya ndani ya shule, tutayaongea ofisini."

"Figo ni za ndani ya mwanangu. Mara ngapi?"

Hapo nikasimama. Nikainua chupa, nikawaeleza kwa nini si kichocho, mkojo umekaa wiki zaidi ya mbili haujashuka hata punje. Nikawaeleza nyuzi, utando, rangi ya nyama. Wafugaji wale walinielewa haraka kuliko ofisi yangu. Nikasema taarifa ya mkuu sijaisaini, nimeandika yangu, na nimeshaipeleka kwa afisa elimu mwenyewe jana kwa mkono. Naftali akasema, "Mwalimu Editha, kaa chini." Sikukaa. Akasema hakuna ushahidi wa idadi yoyote, adhabu ilikuwa ya kawaida, kumi, kumi na tano.

"Mia tatu na kumi."

Alikuwa Fredrick. Alikuwa ameketi na walimu wengine kwenye benchi, hakusimama hata, alikuwa anaangalia mikono yake. "Mia tatu na kumi. Wenzake walimaliza hamsini zao. Yeye alikuwa anagusa chini, namrudisha moja, lakini kichwani mimi nilikuwa naendelea kuhesabu. Nilidhani nisiposhika fimbo nakuwa mwema."

Khanga zinapigapiga kwa upepo. Nilikuwa nimekuja na chuki ya wiki karibu tatu kwa mtu huyu, na sasa sikujua niiweke wapi yote, nikagundua nyingi inamfaa yule aliyesimama mbele na karatasi, ambaye hajaruka wala hajahesabu, na aliyejua kila kitu.

Mselemu akaenda ofisini, akaliburuza gunia mpaka mlangoni. Gunia la alizeti mtu hajitwishi peke yake. Alisimama nalo pale, na hakuna mzazi aliyesogea. Fredrick akainuka, akaenda, akashika upande wa pili. Mselemu alimtazama, kisha akageuka, akainamisha mgongo. Fredrick akamtwisha. Baba yule akatoka nalo getini, na Fredrick akabaki amesimama na mikono iliyo wazi.

Jumamosi, 14 Juni

Simu ya Dodoma, nilikuwa nafua. Si mama yake safari hii, ni yeye mwenyewe, sauti ndogo kama ya mtu aliye kisimani. "Mwalimu, shikamoo. Nimekojoa. Chupa nzima. Ni wa njano." Nikamwambia marahaba, marahaba mwanangu, nikaketi kwenye beseni la nguo nikalowana. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu.

Ijumaa, 27 Juni

Baridi na upepo. Fimbo zimenyamaza, alizeti zimekwisha mashambani. Afisa elimu amekuja, ameandika, ameondoka. Fredrick amevuliwa nidhamu na ana barua ya onyo. Naftali ana semina mjini, ya uongozi bora. Ya uongozi bora, jamani! Nimesoma tangazo lake mara mbili nikidhani macho yangu yana matatizo.

Jumatatu, 7 Julai

Barua yangu imefika. Uhamisho, Rungwa, kule mwisho wa mkoa ambako shule imepakana na tembo. "Kwa manufaa ya umma." Sikuuliza umma upi. Nimefunga vitabu, sufuria na zile kamba mbili za kisimani. Nina hasira, na hasira hiyo naondoka nayo, nina hakika Rungwa nako kuna uwanja na kuna mtu anayehesabu.

Mchana nilikuwa nafunga godoro, nikasikia hodi. Mselemu, na dumu la mafuta ya alizeti mkononi. "Ni ya lile gunia," akasema. "Nimelikamua." Nyuma yake Sijaona, amevaa sweta la mama yake, mapaja yamenyauka, anatembea kama anayevuka mto kwa mawe. Dodoma wamemwambia figo zimeamka, lakini arudi kila mwezi, na mbio asahau mwaka huu. Misuli itarudi polepole, nyingine haitarudi.

Akasimama mbele yangu. Nikaona anachotaka kufanya, nikanyoosha mikono. "Usipige goti, mama. Usipige. Mimi ndiye wa kukupigia wewe."

"Niache, Mwalimu," akasema.

Baba yake akataka kumshika kiwiko, yeye akaukwepa mkono. Akakunja la kulia, polepole, midomo ameuma. Nilikuwa naliona paja likitetemeka chini ya sketi, kila uzi uliobaki ukishika, ukivuta, ukiachia. Goti likagusa udongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sijaona."

Sikumsogelea. Nilikaza mikono nyuma yangu nikangoja, na Mselemu naye akangoja na dumu lake. Ilichukua muda. Kisha akainuka mwenyewe, hakushika ukuta.